Mwalimu Aliyemfuta Mume wa Watu

Kompyuta ikigoma, sisi wengine tulikuwa tunaigonga ubavuni kama mtu anavyogonga redio yenye betri zilizochoka. Mwalimu hakuvumilia jambo hilo. Alikuwa anainuka, ananawa mikono kwenye ndoo ya mlangoni, anarudi na kukaa mbele ya mashine bila kuigusa, dakika kumi nzima, mikono imelala mapajani. Mgeni angedhani anasali. Kisha anauliza kwa sauti ile ile ya darasani, "Kabla haijagoma, ulibonyeza nini?" Ukijibu kwamba hukubonyeza kitu, basi amechoka na wewe mpaka kesho.

Nilifanya naye kazi miaka saba na sikuwahi kujua kwa hakika ametoka wapi. Bara, basi. Alikuwa Mkristo, alifundisha hesabu sekondari, na katika miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza biashara, wakati kila aliyesoma alikuwa anatafuta mradi wa kujishikiza, aliacha chaki akaja kwetu. Ualimu wenyewe haukumwacha. Wahudumu wa zahanati, makarani, madereva, hata Mratibu aliyekuwa mkuu wetu sote, walimwita Mwalimu, naye aliitika kama mtu asiyekuwa na jina jingine.

Mradi wetu uliandikisha kaya: nani anaishi nyumba ipi, nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, ili kliniki za mama na mtoto zipangwe kule zinakohitajika. Ofisi ilikuwa Kibiti, nyuma kidogo ya barabara kuu, nyumba ya bati yenye vyumba vitatu, kompyuta nne, na jenereta iliyozimwa saa nane mchana hata kama uko katikati ya sentensi. Programu tuliyotumia aliiandika yeye, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ambayo alijifunza katika kitabu cha fotokopi kisichokuwa na jalada wala kurasa kumi za mwanzo. Alikuwa anasema ndiyo maana hajui kuanza vizuri. Huo ulikuwa mmoja wa mizaha yake miwili. Wa pili siukumbuki, haukuwa mzuri.

Jenereta ikizimwa ndipo kazi yake hasa ilipoanza. Alikuwa amechapa programu yote kwenye karatasi zile ndefu zenye matundu pembeni, zisizokatika, akazibandika ukutani kuzunguka chumba, kuanzia mlangoni, kupita juu ya kabati, mpaka zikarudi mlangoni upande wa pili. Akawa anatembea nazo na penseli. Mfagizi wetu alikatazwa kuondoa utando wa buibui chumba kile, kwa kuwa ufagio uliwahi kuchana ukurasa, na Mwalimu alinuna siku mbili. Nilipomuuliza kwa nini hasomi kwenye kioo cha kompyuta kama watu wa Dar, alinijibu, "Kioo kinakuonyesha mistari ishirini na tano. Kosa halikai kwenye mistari ishirini na tano."

Alikuwa na maneno yake ambayo tuliyaiga akigeuka. "Mashine haina chuki na mtu." "Usiniambie inagoma, niambie inagoma wapi." Kosa lililojitokeza kila siku kwa namna ile ile alilipenda, alisema hilo linafugika. Lililomkosesha raha ni lile la kuja na kuondoka, ambalo saa tatu lipo, ukimwita saa nne aje alione halipo. Hilo alikuwa anashuku kwamba mmeliota.

Kusifu hakujua. Ukifanya kazi safi mwezi mzima, anaipitia, anasema, "Haijaharibika." Mwenzangu mmoja alipoambiwa hivyo mara ya kwanza alikwenda kulia chooni. Mimi nilimzoea, na siku nyingine nilikuwa namrudishia. Alipoleta programu yenye rangi mpya, bluu na manjano, akasimama nyuma yetu akingoja tuseme kitu, nilimwambia, "Haijaharibika, Mwalimu." Alikohoa, akaenda kunawa mikono.

Kwa watu wa Kibiti, mtu anayejua kompyuta anajua kila chenye waya. Walimletea redio, pasi, tochi, mara moja saa ya ukutani ya msikiti. Kila mara alianza kwa kusema, "Mimi si fundi redio," na kila mara aliifungua, kwa sababu alimwonea haya aliyetembea nayo kutoka mbali. Nyingine zilipona. Zilizokufa alizifunga vizuri na kuzirudisha na barua ndogo ya kueleza alichofanya, hatua kwa hatua, kana kwamba mwenye redio naye atakwenda kuibandika ukutani. Ramadhani hakunywa chai mbele yetu. Alikuwa anajifungia stoo ya makaratasi na chupa yake, anatoka akifuta midomo, na sisi tunajifanya hatukusikia kijiko.

Mtu wa namna hiyo, anayeandika barua kueleza redio iliyokufa, ndiye aliyeandika ripoti iliyonitoa kazini.

Nieleze kwanza C, kama alivyonieleza mwenyewe baadaye. Ni lugha isiyokubembeleza. Ukitaka kumweka mtu kwenye kumbukumbu ya mashine, unaomba nafasi, unapewa nafasi yenye namba yake, unamweka humo. Ukimaliza naye, unairudisha nafasi mwenyewe. Ukisahau kuirudisha, mashine inajaa. Ukiirudisha mapema, anapewa mtu mwingine, na wewe ukienda na namba yako ya zamani unamkuta huyo mgeni ndani, na unamwamkia ukidhani ni yule yule.

Waingizaji takwimu tulikuwa watatu. Wenzangu walipewa vijiji vya barabarani. Mimi nilipewa vya bondeni, vya mpunga, ng'ambo ya mto upande wa Chumbi, kwa kuwa ndiko kwetu na majina nayajua. Kule kwetu mwanamume kuwa na nyumba mbili si habari. Ana mke kijijini, ana mke mwingine karibu na shamba, analala kwa zamu, na jirani yeyote atakuambia leo yuko wapi. Fomu ilikuwa na kisanduku cha namba ya mume. Wenzangu walipokutana na bwana wa aina hiyo walimwandika upya kama mtu mwingine, wapate kumaliza. Mimi nilikataa. Bwana ni mmoja, namwandikaje wawili? Kwenye nyumba ya mke wa pili niliandika namba ile ile aliyopewa kwenye nyumba ya kwanza, na programu ikakubali. Vijiji vya wenzangu vikawa na wanaume wengi kuliko waliopo, na hakuna aliyeona.

Siku moja Mratibu alikuwa anapitia karatasi za kupelekwa kwa wafadhili, akamkuta mama mmoja wa bondeni, mtu mzima mwenye watoto watano, mume wake ni mtoto wa kike wa miezi miwili. Ofisi nzima ilicheka, na mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote. Wiki iliyofuata akapatikana mume mwingine ambaye ni ajuza. Halafu wa tatu, halafu wa nne. Hapo kicheko kilikwisha, kwa sababu kila rekodi ilibeba herufi mbili za aliyeiingiza, na zote nne zilikuwa na herufi zangu.

Mratibu alimwita Mwalimu. Mwalimu alichukua fomu moja kati ya zile nne, akawasha mashine, akaiingiza mwenyewe mbele yetu, taratibu, kidole kimoja kimoja. Mume akatoka mume, na umri wake wa utu uzima. Aliiingiza mara ya pili. Mume yule yule. Nakumbuka alivyoniangalia, si kwa hasira, bali kama anavyomwangalia mwanafunzi aliyekosa jibu na bado anabisha.

"Binti, programu imefanya ilichoambiwa," alisema.

"Basi mie niliiambia hivyo hivyo, Mwalimu."

"Haiwezekani."

Ripoti ilikuwa ya nusu ukurasa. Ilisema programu imejaribiwa na haina kosa, na kwamba makosa yote yanatokana na mwingizaji mmoja. Aliitia sahihi. Mratibu aliongeza la kwake, kwamba huenda mwingizaji huyo anabuni kaya bila kuona fomu. Jumatatu nilikuwa nyumbani.

Kwetu, ofisi haimtoi mtu bure. Baba yangu alikuwa mkulima wa mpunga, hakusoma, na kwa miaka miwili alikuwa amemwambia kila aliyekaa naye barazani kwamba binti yake anaandika watu wa Rufiji ndani ya kompyuta. Niliposhuka na sanduku, aliningoja mpaka nimekunywa maji.

"Umechukua nini cha watu?" aliniuliza.

"Sikuchukua kitu, baba."

Hakuuliza tena. Wala hakunifukuza, wala hakuninyima chakula. Aliacha tu kukaa barazani. Yeye aliyekuwa hawezi kumaliza siku bila kuwasikia wenzake, akawa anatoka msikitini na kupita njia ya nyuma. Majirani walijaza wenyewe ambacho hawakuambiwa. Kwa wengine niliiba mashine, kwa wengine dawa za zahanati, na mama mmoja alisema aliona kwa macho yake. Ningeweza kuvumilia kuitwa mwizi na kijiji kizima. Kumwona baba akizunguka nyuma ya msikiti sikuweza kuvumilia.

Nafasi yangu alipewa dada mmoja kutoka Dar, mwenye cheti. Mwezi haukwisha, mama mwingine wa bondeni akapata mume anayenyonya. Herufi zilikuwa za dada wa Dar, aliyeendelea na namba kama nilivyoziacha. Wenzangu walinisimulia baadaye kwamba Mwalimu aliiona karatasi ile, akainuka kwenda kunawa mikono, na hakurudi ofisini siku ile.

Alitafuta wiki tatu. Alijaza programu mistari ya kuifanya mashine itamke kila inapofika: nimefika hapa, namshika huyu, namwacha huyu. Karatasi za ukutani zikazidi mara mbili. Aliona mahali bwana anapopotea lakini hakuona sababu, kwa kuwa kichwani mwake sababu haikuwepo. Yeye alikuwa ameandika kwamba mtu ana nyumba moja. Alikotoka yeye, au kanisani kwake, au kwenye hesabu zake, sijui, ndivyo ilivyokuwa.

Alinijia Ijumaa moja wakati wa mavuno. Tulikuwa tumehamia shambani, na mimi nilikuwa juu ya dungu, kile kibanda cha miti mirefu tunachokaa kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Baba alikuwa amekwenda kijijini kuswali. Nikaona baiskeli inasukumwa kwenye tope, na nyuma yake mtu mrefu aliyekunja suruali mpaka magotini. Kutoka Kibiti alikuwa amepanda lori, baiskeli juu ya magunia, akavuka mto kwa pantoni, yeye ambaye aliogopa viboko hata wa kusimuliwa.

"Hodi," alisema kwenye ngazi.

"Karibu Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba, binti." Hakuuliza hali. Alikunjua karatasi akaishikilia kwa mikono miwili kwa ajili ya upepo. "Huyu bwana, namba mia nne kumi na mbili. Anaishi wapi?"

"Yule? Leo yuko kwa bi mdogo."

"Naomba jibu la kweli."

"Ndilo hilo, Mwalimu. Alikuwa na nyumba mbili. Siku mbili huku, siku mbili kule. Mie si niliandika namba yake kotekote?"

"Nyumba yake ya kwanza imeandikwa imefungwa."

"Bi mkubwa kaachwa, karudi kwao Utete. Nyumba imefungwa. Lakini bwana yupo, mzima, jana kapita hapa na jembe."

Alikaa kwenye ngazi. Penseli ilikuwa sikioni, hakuichukua.

"Nyumba ikifungwa, programu inafuta wote waliomo," alisema. "Na nafasi zao inampa wa kwanza atakayeandikwa."

"Kwa hiyo?"

"Nimemfuta mume wa watu. Yule mama bado ana namba ya mahali alipokuwa mumewe, anakwenda pale, anakuta mtoto." Alijipangusa tope magotini. "Nilipojaribu mbele yenu niliingiza fomu moja tu. Sikufunga nyumba yoyote kwanza, kwa hiyo sikuliona. Si wewe. Ni mimi."

Nilitaka kucheka, nilitaka kumchapa na fimbo ya kufukuzia ndege. Nikasema, "Basi msubiri baba, Mwalimu. Yuko msikitini, hachelewi. Umwambie hivyo hivyo ulivyoniambia mie."

Alitazama jua. "Pantoni," alisema.

Pantoni ilivuka mpaka jioni, na saa nane ilikuwa haijafika. Yeye alilijua hilo, nami nilijua kwamba analijua. Alikunja karatasi yake, akanitaka nirudi kazini Jumatatu, akasukuma baiskeli kwenye tope. Nilirudi. Nilikuwa naihitaji ile kazi, na, niseme ukweli, nilitaka kuona atalitengeneza vipi.

Miezi miwili iliyofuata ndiyo niliyojifunza kazi kuliko shule yote niliyosoma. Mwalimu hakuziba tundu, aliipangua programu nzima. Tulikuta mahali panne tofauti panapofuta mtu, kila pahali na utaratibu wake, kama nyumba yenye milango minne na kila mlango una mwenye ufunguo asiyejuana na mwenzake. Akafunga yote, akaacha mmoja. Kisha akampa kila mtu, ndani ya rekodi yake, hesabu ya mikono inayomshika. Mke wa kwanza akimtaja, mkono mmoja. Mke wa pili akimtaja, mikono miwili. Nyumba moja ikifungwa, mkono mmoja unaachia, na bwana anabaki. Mpaka mikono iishe yote, hakuna ruhusa ya kumfuta. Aliandika amri mbili kwa Kiswahili, shika na achia, nami nikapewa kalamu nyekundu na ya bluu, nizunguke ukutani na kuhakikisha kila shika ina achia yake.

Siku ya kwanza ya kuijaribu, marehemu walikataa kutoka. Tuliwaandika wamefariki, na bado walikuwa wamekaa kwenye kaya zao kama waliokuja kula sikukuu, na ilipofika saa tano mashine ikajaa na kusimama. "Nani anawashika hawa?" Mwalimu aliuliza. Nilizunguka ukuta mpaka alasiri. Nikaikuta shika ya bluu moja juu ya kabati, mahali watoto wanapounganishwa na bibi zao, haina nyekundu. Alipanda kiti akaitazama mwenyewe. "Bibi hawaachii wajukuu," nilimwambia, na kwa mara ya kwanza nilimwona akicheka mpaka akashika ukuta.

Kuanzia hapo hakuwa ananiita mwingizaji. Alinifundisha kuandika C, kila siku jenereta ikizimwa, kwa penseli, bila mashine. Hakuna mwingine aliyedhani kwamba naweza. Nilimpenda mtu yule, na nilikuwa nimemkasirikia, vyote pamoja, kwa miaka yote ile.

Maana ile ripoti ilibaki kwenye faili. Nilimwomba mara moja aandike nyingine, nipeleke nyumbani, isomwe. Alinishangaa kwa dhati. "Barua ya nini, binti? Umerudi kazini. Programu sasa ni sahihi." Kwake yeye lilikuwa limekwisha. Nami nilikuwa na kiburi changu, sikuomba mara ya pili. Hakujua, wala hakuuliza, kwamba kijijini kurudishwa kwangu kulisemwa kwa namna moja tu: ameomba radhi, amesamehewa. Anayesamehewa ni aliyefanya. Baba aliendelea kupita nyuma ya msikiti.

Mradi ulikwisha kama miradi inavyokwisha. Ikaja kampuni na programu ya madirisha na picha, ikaletwa na vijana wenye tai, na Mwalimu akakabidhi diski zake ndani ya boksi la viatu, kila moja na maelezo yake. Hakurudi bara. Alipanga chumba pale pale Kibiti, akawa anafundisha watoto wa watu tuisheni. Mimi nilifungua duka la kuchapa na fotokopi karibu na kituo cha mabasi.

Miaka mitano baadaye aliingia dukani na mitihani yake ya kutoa nakala. Alikuwa amekonda, mguu mmoja umevimba kwa sukari, anatembelea fimbo. Nilimpa kiti. Aliuliza habari za watoto, kisha akauliza, kwa ustaarabu tu, "Na mzee?"

Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa sababu alikuwa amechoka na mimi nilikuwa nimechoka. "Mzee hajambo," nilisema. "Bado anadhani niliiba."

"Aliiba nani?"

"Mie. Kule ofisini. Mwaka ule."

"Lakini tulisahihisha," alisema.

"Mlisahihisha kwenye kompyuta, Mwalimu."

Mashine ya fotokopi ilimaliza kurasa zake. Hakuzichukua. Aliuliza basi la kwenda Chumbi linapita saa ngapi.

Tulikwenda wote Jumapili, baada ya ibada yake, kwa daraja jipya. Baba alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha kamba, mzee kweli sasa, lakini macho na masikio yake yalikuwa mazima. Mwalimu alimwamkia, akakataa kiti, akasimama na fimbo yake kama aliyeitwa ubaoni. Alieleza. Alianza na nafasi na namba, nikamkanyaga mguu ule mzima. Akaacha, akasema kwa ufupi: "Mzee, mimi ndiye niliyeandika kwamba binti yako amekosea. Hakukosea. Nilikosea mimi. Nilijua hivyo tangu mwaka ule ule, na sikuja kukuambia."

Kuku walipita kati yao.

"Kwa nini hukuja?"

"Niliona haya. Nikajiambia nikiitengeneza programu, inatosha."

"Mie siishi ndani ya kompyuta, Mwalimu."

"Najua, mzee."

"Hujui." Baba alinyoosha mkono, nikamwinua. Mkono wake ulinishika kwa nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto. "Maneno yale yaliingia kila nyumba ya mtaa huu. Twende ukayatoe."

Mwalimu aliutazama mtaa, akautazama mguu wake, akasema, "Twende."

Tulianza kwa jirani wa mkono wa kulia. Hodi, karibu, salamu, kisha baba anasema, "Huyu ana neno," na Mwalimu analisema, yote, kwa sauti ya darasani, kwa maneno yale yale. Hakulifupisha nyumba ya pili. Nyumba ya tatu walikuwa wanakula, wakaacha kula. Nyumba ya nne aliishi yule mama aliyeona kwa macho yake, na alitazama chini muda wote. Baba hakumwambia kitu. Alikuwa anatembea mbele, katikati ya njia, polepole, anasalimia kila anayepita.

Nyumba ya saba Mwalimu alishindwa kumaliza sentensi. Jasho lilikuwa limelowesha kola, mguu umejaa ndani ya kiatu. Aliegemea nguzo ya ukumbi, akageuka kunitazama, na nilielewa anachoniomba. Yule ndiye aliyenifundisha kila kilichokuja kunilisha. Neno moja langu lingetosha, baba angenisikiliza, tungerudi nyumbani tukale.

Nilimwomba mwenye nyumba kikombe cha maji. Mwalimu alikunywa yote. Nikakipokea kikombe, nikakirudisha, nikamwonyesha nyumba ya nane.